Hadubini ya wasomaji: kwani Darwin aliwapa nini watu wa baiolojia?

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba ukiitoa evolusheni (ile hoja ya Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza wa karne ya 19, kwamba viumbe hubadilika kizazi kwa kizazi na wana mababu wa pamoja) kwenye baiolojia unabaki na kabati limejaa majina, na sikutegemea kabisa kama sentensi moja ingeniletea barua zote hizi. Kuna walionipongeza, kuna walionitukana kistaarabu, na kuna mmoja kanitumia kurasa nne mbele na nyuma. Zote siwezi, kwahiyo nimechagua zile zenye swali ndani yake. Zile za matusi nimezisoma, asanteni.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi ni mwanafunzi wa baiolojia na kusema ukweli evolusheni huwa tunaiacha mpaka mwisho, ni topiki ya kukariri majina ya wazee wawili watatu basi imeisha. Seli naielewa, damu naielewa, mimea naielewa, yote bila Darwin. Sasa yeye alibadilisha nini hasa? *Mkariri*

JIBU: Marahaba mwanangu. Hebu kwanza shika mkono wako mwenyewe. Anzia begani: mfupa mmoja mpaka kwenye kiwiko, halafu miwili inaenda sambamba mpaka kwenye kifundo, halafu vijifupa vidogo vidogo vimebanana pale, halafu vidole. Sasa chukua bawa la popo, ukilichana utakuta mmoja, miwili, vijifupa, vidole, ila vidole vyenyewe virefu ajabu na vimetandazwa ngozi. Chukua pezi la nyangumi, kitu ambacho kwa nje kinafanana na kasia, ndani mmoja, miwili, vijifupa, vidole. Mguu wa mbele wa fuko anaochimbia, vilevile.

Hiyo habari watu waliijua kabla ya Darwin, tena waliijua vizuri sana, wapasuaji wa karne ya 18 na ya 19 hawakuwa watu wa mchezo. Walichokosa ni sababu. Kama unatengeneza kitu cha kurukia, kingine cha kuogelea na kingine cha kuchimbia, kwanini uanze na mifupa ileile? Swali lilikuwa linaning'inia tu. Jibu la Darwin ni la kifamilia: wote hao wana babu mmoja aliyekuwa na mkono wa namna hiyo, na kila ukoo umeunyoosha au kuufupisha kulingana na maisha yake. Kuanzia hapo kupanga wanyama kwenye makundi kukaacha kuwa kazi ya mkutubi kukawa kazi ya kutafuta nasaba, nani ndugu wa nani, na ndo maana leo tunasema ndugu wa karibu wa nyangumi ni kiboko na sio papa, japo ukimwangalia kwa macho tu utabisha.

Na utaratibu wenyewe wala hauna uchawi. Viumbe huzaa watoto wengi kuliko watakaoweza kuishi, watoto hawafanani, baadhi ya tofauti zao zinarithiwa, sasa wale ambao tofauti zao zinawasaidia kidogo tu kupata chakula au kukwepa kuliwa au kupata mwenza wataacha watoto wengi zaidi, na hao watoto wamebeba ileile tofauti, rudia hivyo mara elfu, mara milioni, basi. Huo ndo uteuzi asilia. Hakuna anayeteua, ni hesabu tu ya nani kazaa na nani hakuzaa.

Darwin alichora mti wake wa kwanza wa koo za viumbe kwenye daftari mwaka 1837, mwaka uliofuata akasoma maandishi ya mchumi Thomas Malthus kuhusu watu kuongezeka kuliko chakula akapata ile mashine ya kuendesha mti, halafu akakaa nalo miaka 20. Alifuga njiwa, akapima, akaandikiana barua na wafugaji, anaogopa kutoka hadharani. Mpaka 1858 akapokea barua kutoka kwa Alfred Russel Wallace, kijana aliyekuwa visiwani Indonesia akikusanya wadudu na ndege, ambaye wazo lilelile lilimjia akiwa kitandani na homa. Maandishi ya wote wawili yakasomwa pamoja London tarehe 1 Julai 1858. Na hapa kuna kitu huwa nikikikumbuka nacheka peke yangu, rais wa chama kile cha wanasayansi yalikosomwa maandishi hayo, alipotoa ripoti yake ya mwaka alisema mwaka huo haukuwa na ugunduzi wowote wa kushtua. Novemba 1859 kitabu cha Darwin kikatoka.

Sasa wewe unasema damu unaielewa bila Darwin. Unaelewa inavyozunguka, sawa, ila ukiuliza kwanini wewe, samaki na popo mna protini karibu ileile ya kubeba oksijeni hutapata jibu kwenye sura ya damu.

Na zaidi ya kueleza yaliyopo, hii nadharia inaweka dau. Mwaka 1862 Darwin alitumiwa maua ya okidi nyeupe kutoka Madagaska yenye mrija mrefu kwa nyuma, karibu sentimita 30, na nekta (yale maji matamu ya ua) iko chini kabisa ya huo mrija. Akasema kama ua liko hivi basi huko Madagaska lazima kuna nondo mwenye ulimi wa kufika huko chini. Hakuna aliyekuwa amemwona mdudu wa namna hiyo na wapo waliomcheka. Darwin akafariki 1882 bila kumwona. Mwaka 1903 akaelezwa rasmi nondo wa Madagaska, ulimi wake ameukunja kama spring'i ya saa, akiukunjua ndo huo. Hilo lingewezekana vipi kwa mtu wa kukariri majina?

Kwa maoni yangu hiyo sura ingewekwa ya kwanza kitabuni, lakini mi situngi mitaala.

SWALI: Habari mwalimu. Nimesikia daktari akisema tusikatishe dozi kwasababu bakteria "wanajifunza" kuizoea dawa. Hivi kiumbe kisicho na ubongo kinajifunzaje? *Mama Wawili*

JIBU: Nzuri dada yangu, na swali lako limewasumbua watu wakubwa. Hawajifunzi. Daktari katumia lugha ya mkato tu na ushauri wake ni mzuri, ukipewa dozi itumie kama ulivyoandikiwa, lakini kinachotokea ndani ni kitu kingine.

Mwaka 1952 mtu na mkewe, Joshua na Esther Lederberg, walifanya jaribio ambalo kwa urahisi wake linatia wivu. Walikuwa na sahani ya kioo yenye chakula cha bakteria, juu yake bakteria wamekua vidoti vidoti, kila kidoti ni familia ya bakteria mmoja. Wakachukua kitambaa cha mahameli wakakigandamiza juu ya sahani kama unavyogonga muhuri, vinyweleo vya kitambaa vikabeba bakteria kidogo kutoka kila kidoti kwa mpangilio uleule, halafu wakaugonga huo muhuri kwenye sahani nyingine kadhaa zenye dawa. Karibu wote wakafa. Wakabaki wachache sana, ila angalia, kwenye kila sahani waliobaki walikuwa sehemu ileile! Wakarudi kwenye sahani ya kwanza, ile ambayo haijawahi hata kunusa dawa, wakachukua bakteria kutoka sehemu hiyohiyo na wakakuta ni wagumu kwa dawa tayari.

Kwahiyo ugumu ulikuwepo kabla. Ulitokea kwa bahati tu pale bakteria anaponakili DNA yake na kukosea herufi, dawa ikaja ikawafagia wenzake wote, yeye akabaki na uwanja mtupu. Bakteria wengine huzaliana kila dakika 20 wakipata chakula na joto, hebu piga hesabu ya usiku mmoja. Alexander Fleming mwenyewe, aliyegundua penisilini, aliwaonya watu mwaka 1945 akipokea tuzo ya Nobel kwamba dozi ndogo ndogo zitazalisha bakteria sugu.

Hii ndo sehemu ambapo uteuzi asilia umeingia mpaka kwenye karatasi ya daktari. Kwa nini mgonjwa wa Ukimwi anapewa dawa tatu kwa pamoja na sio moja ikishindwa ndo aongezewe nyingine? Kirusi kile hukosea sana kinapojinakili, kumpata mmoja aliyebadilika akaishinda dawa moja ni rahisi mno, lakini mmoja aliyebadilika sehemu zote zinazotakiwa kushinda dawa tatu kwa mpigo, hiyo bahati ni finyu sana. Kifua kikuu vivyo hivyo. Na chanjo ya mafua inakaguliwa kila mwaka maana virusi vya mwaka huu sio walewale wa mwaka jana.

SWALI: Hiyo ni NADHARIA tu. Nadharia maana yake haijathibitishwa. *Mwenye Mashaka*

JIBU: Ndugu yangu, mtaani nadharia ni dhana uliyoipata ukiwa umekaa, kwenye sayansi neno hilohilo linabeba mzigo tofauti. Hata habari ya vijidudu kusababisha magonjwa inaitwa nadharia na bado unanawa mikono.

Nikupe mfano mmoja tu. Wewe una kromosomu (vifurushi vya DNA ndani ya seli) 46, sokwe ana 48, orangutan na gorila wote 48. Kama kweli tuna babu mmoja basi ile jozi moja imeenda wapi? Haiwezi kupotea hivihivi, mtoto asingeishi. Lazima jozi mbili ziliungana kwenye ukoo wetu. Na kama ziliungana kuna alama zinatakiwa ziwepo, maana ncha za kromosomu zina maandishi yake maalum ambayo hayakai katikati. Mwaka 1991 wakapata kwenye kromosomu yetu namba 2 maandishi ya ncha yako katikati, yamegeukiana, pale hasa zilipounganika. Na kuna mabaki ya kitovu cha pili cha kromosomu, wakati kromosomu ya kawaida ina kimoja. Wangekosa hizo alama hoja ingekuwa matatani. Sasa niambie wewe neno gani tutumie.

SWALI: Mwalimu, Darwin alijua kuhusu jeni? Maana mwenzangu tunabishana anasema bila jeni nadharia yake haisimami. *Mbishi wa Kijiweni*

JIBU: Hakujua, na mwenzako ana pointi nzito kuliko anavyodhani, nadharia iliponea chupuchupu.

Enzi zile wengi waliamini mtoto ni mchanganyiko wa wazazi kama unavyochanganya rangi, nyeupe na nyeusi unapata kijivu. Mwaka 1867 injinia mmoja anaitwa Fleeming Jenkin akauliza swali la kuua kabisa: kama ni hivyo, mnyama mmoja akizaliwa na sifa nzuri mpya, si itafifia? Mtoto atapata nusu, mjukuu robo, baada ya vizazi vichache umebaki na kijivu kitupu na uteuzi asilia hauna cha kuteua. Darwin hakuwa na jibu la maana. Alijaribu kutunga yake, kwamba kila kiungo cha mwili kinatoa vichembe vinavyokusanyika kwenye mbegu za uzazi, na ilikuwa mbovu, tuseme ukweli hata kama mzee tunamheshimu. Upande mwingine Lord Kelvin, mwanafizikia mkubwa wa wakati ule, alikuwa anapiga hesabu ya jinsi dunia ilivyopoa na kusema umri wake ni kama miaka milioni 100 tu, muda ambao hautoshi kabisa, na Darwin aliumia sana na hiyo hesabu. Leo tunajua dunia ina miaka kama bilioni 4.5, na mionzi ya asili miambani, ambayo ndo inatupimia huo umri, ilikuja kugunduliwa 1896, Darwin hayupo.

Na jibu la Jenkin lilikuwa limeshachapishwa! Mwaka mmoja kabla, 1866. Mtawa Gregor Mendel kule Brno (leo ni Jamhuri ya Cheki) alikuwa kachavusha njegere za mbegu za mviringo na njegere za mbegu zenye mikunjo, watoto wote wakawa mviringo, ile mikunjo imepotea kabisa ungesema imekufa. Akawachavusha hao watoto wenyewe kwa wenyewe, akakaa akahesabu mbegu moja moja: za mviringo 5,474, za mikunjo 1,850. Mikunjo imerudi, kamili, haijafifia hata chembe, tena karibu moja kwa tatu. Yaani urithi sio rangi za kuchanganya, ni kama karata, unazichanga lakini kila karata inabaki ilivyo. Mendel alisoma kitabu cha Darwin na kukiwekea alama pembeni, Darwin hakumsoma Mendel. Mi hiyo huwa inaniuma kama mechi ya fainali tuliyofungwa dakika za mwisho.

Kazi ya Mendel ikafufuliwa mwaka 1900, na cha ajabu wafuasi wake wa kwanza wengi wakaitumia KUMPINGA Darwin, wakisema mabadiliko yanakuja kwa kuruka, hakuna cha kidogo kidogo. Ilichukua watu wa hesabu kuwapatanisha, Fisher, Haldane na Wright, miaka ya 1920 na 1930, walioonyesha kwamba jeni nyingi zenye athari ndogo ndogo zikijumlishwa unapata hasa yale mabadiliko ya taratibu aliyoyasema mzee. Mwanasayansi wa jeni Theodosius Dobzhansky akayaleta kwa watu wa maabara na wa porini mwaka 1937. Huyohuyo mwaka 1973 ndo aliandika kwamba kwenye baiolojia hakuna kinacholeta maana bila mwanga wa evolusheni, kwahiyo ile sentensi yangu ya toleo lililopita nilimkopa yeye nikaipunguza makali.

SWALI: Kama ni mwenye nguvu ndo anaishi, mbona nyuki vibarua hawazai kabisa na bado wapo? Na tausi na lile jimkia? *Bi Asali*

JIBU: "Mwenye nguvu" ni maneno ya mtaani, na hata ule msemo wa kwamba anayefaa zaidi ndo anayesalimika haukuanza kwa Darwin, ni wa mwanafalsafa Mwingereza Herbert Spencer, Darwin akauazima baadaye na mi naona alikosea kuuazima maana umetumika kuhalalisha uonevu mwingi wa watu kwa watu. Kinachohesabika ni watoto. Tausi mkia unamchelewesha akikimbizwa, ila majike wakiupenda atazaa, na kwa hiyo unaendelea. Darwin aliwahi kuandika 1860 kwamba unyoya wa tausi akiutazama tu unamtia kichefuchefu, alikuwa hajaupatia maelezo bado, jibu lake kamili lilitoka 1871. Nyuki kibarua hazai mwenyewe lakini anamlea mdogo wake aliyebeba sehemu ya jeni zilezile, mwanabaiolojia William Hamilton akaiwekea hesabu mwaka 1964.

SWALI: Mwili wa binadamu umetengenezwa kikamilifu, hauna kasoro hata moja. Uteuzi wa bahati nasibu ungewezaje? *Msomaji wa Siku Nyingi*

JIBU: Mzee wangu, heshima yako. Chukua karatasi. Chora alama ya msalaba kushoto na doti nene kulia, kati yake sentimita 8. Funga jicho la kushoto, kwa jicho la kulia kodolea msalaba tu, usiibie kuangalia doti, shika karatasi mbali kama sentimita 30 halafu isogeze taratibu mbele na nyuma. Kuna mahali doti itapotea. Kabisa.

Hapo umekutana na shimo la jicho lako. Nyaya za kupeleka picha kwenye ubongo zimepita mbele ya retina (utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga), upande mwanga unakotokea, kwahiyo lazima zitoboe mahali ili zitoke nje, na penye tundu hakuna kuona. Pweza jicho lake limejengwa upande ulio sawa, nyaya nyuma, hana hilo tundu. Uteuzi asilia haufuti ramani na kuanza upya, unakarabati ulichokikuta huku nyumba ina watu ndani. Twiga ndo balaa: neva inayoenda kwenye zoloto (kisanduku cha sauti kooni) inatoka kwenye ubongo, inalipita zoloto, inashuka shingo yote mpaka kifuani, inazunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo, halafu inapanda tena juu. Mita kadhaa, kwa safari ya sentimita chache. Kwa samaki hiyo njia ilikuwa fupi tu, hana shingo.

Na bahati nasibu ni kwenye kutokea kwa mabadiliko, kwenye kuchujwa hakuna bahati nasibu.

SWALI: Kuna mtu yeyote aliyewahi kuiona evolusheni kwa macho yake? *Tomaso*

JIBU: Wapo. Peter na Rosemary Grant walianza 1973 kwenye kisiwa kidogo cha Daphne Major huko Galapagos, wanawavisha pete ndege wadogo wala mbegu na kuwapima midomo, mmoja mmoja. Mwaka 1977 mvua ikagoma. Mbegu laini zikaisha, zikabaki ngumu kama za mbigili, na ndege wengi wakafa, hasa wenye midomo myembamba. Watoto waliofuata walikuwa na midomo minene kuliko kizazi cha kabla ya ukame, tofauti yenyewe chini ya milimita moja, huioni kwa macho ila kwa ndege ni uhai. Halafu miaka michache baadaye mvua kubwa zikaja, mbegu ndogo zikajaa, uteuzi ukageuka ukawapendelea wenye midomo midogo.

Na kama hutaki ndege, Marekani Richard Lenski alianza Februari 1988 na chupa 12 za bakteria wa E. koli, kila siku alikuwa anahamisha asilimia moja kwenye chakula kipya, na kila vizazi 500 alikuwa anagandisha sampuli. Kwenye kile chakula kulikuwa na sitreti (kitu cha jamii ya asidi ya limau), ambayo bakteria hao hawawezi kuila penye oksijeni, imo tu. Baada ya vizazi zaidi ya 31,000 chupa moja ikaamka imechafuka kuliko zote, wameanza kuila sitreti. Wakarudi kwenye friji, wakayeyusha mababu wa chupa ileile wa enzi tofauti wakawaendesha upya kuona kama watarudia. Wa mwanzoni waligoma. Waliorudia ni wale waliogandishwa baada ya kizazi cha 20,000 hivi, kumbe kuna mabadiliko ya awali yalikuwa yameshaingia kimyakimya humo na hakuna aliyeyaona.